Haja Ndogo na Kamati ya Ukoo

Kiswahili kina neno haja, nalo limebeba mizigo miwili ambayo kwa kawaida watu huitenga. Mtu humaliza kusali, akainua mikono, akamwomba Mola amtimizie haja zake. Mtu huyo huyo, punde baadaye, huinuka barazani akawaaga wenzake kwamba anakwenda haja. Neno ni moja, na hakuna anayetahayari. Msala nao ni hivyo hivyo: ni mkeka wa kusalia, na msalani ni chooni. Takataka na takatifu hukaa jirani katika kamusi. Sidai kwamba wahenga walikaa kitako wakayakusudia hayo. Nadai tu kwamba sisi tuliolelewa katika lugha hii tumezoea, bila kufundishwa, kukiweka kile tunachomwomba Mungu na kile tunachowaficha watu ndani ya chombo kimoja. Na kwamba mimi binafsi niliishi zaidi ya miaka arobaini bila kujiuliza kwa nini, mpaka figo za mjomba wangu zilipokoma kufanya kazi.

Nayaandika makala haya kwa sababu ya jedwali nililolitengeneza mwenyewe, usiku mmoja wa Februari, katika chumba cha juu cha nyumba yetu Birmingham. Nitalieleza mahali pake. Kwanza yapasa tuelewe ni kazi gani hasa iliyokuwa imekoma mwilini mwa yule mzee, kwani hukumu zetu juu ya wenzetu hutegemea, kuliko tunavyokiri, picha tulizo nazo za safi na chafu. Na picha niliyokuwa nayo mimi haikuwa ya kweli.

Figo ni mbili, kila moja kadiri ya ngumi, uzito wake kama gramu 150. Zikiwekwa pamoja hazifiki hata sehemu moja ya mia ya uzito wa mwili, lakini hupokea karibu sehemu moja ya tano ya damu yote inayosukumwa na moyo, zaidi ya lita moja kila dakika. Ndani ya kila figo mna vichujio vidogo mno, idadi yake ikikaribia milioni moja. Kwa usiku na mchana mmoja vichujio hivyo hutenga kutoka katika damu majimaji yapatayo lita 180. Mkojo tunaoutoa ni lita moja na nusu hivi, au mbili. Lita nyingine zote zimekwenda wapi? Zimerudi damuni.

Mimi nilikuwa nikiidhania figo kuwa bawabu: imeketi mlangoni, inamkagua kila apitaye, ikimwona mchafu inamtoa nje. Sivyo inavyofanya. Figo humwaga karibu kila kitu kilicho kidogo kiasi cha kupenya tunduni: maji, chumvi, sukari, na zile taka zenyewe, vyote kwa pamoja, bila kuuliza. Kisha, katika mirija mirefu iliyojikunja, huanza kuokota. Sukari huirudisha yote. Maji huyarudisha karibu yote. Chumvi huirudisha kwa kadiri ya haja ya siku ile. Kilichoachwa ndicho mkojo. Ziko dutu chache ambazo hizo figo huzisukuma nje kwa makusudi, lakini hiyo ni nyongeza juu ya kazi kubwa. Nikitafuta mfano wa nyumbani, namkumbuka marehemu bibi yangu wiki moja kabla ya Ramadhani: hakupita chumbani akichagua vya kutupa. Alitoa kila kitu uani, vitanda, mikeka, masanduku, masufuria, mpaka chumba kikabaki kuta tupu. Kisha akarudisha ndani kimoja kimoja vile alivyovihitaji. Kilichobaki uani jioni hakikuhukumiwa. Hakikuitwa tu.

Njia hii yaonekana ya upotevu, lakini ina hekima yake. Bawabu huweza kumfukuza tu yule anayemjua kuwa adui. Sumu mpya ambayo hajapata kuiona itampita. Figo haihitaji kumjua adui. Yaijua haja ya mwili, na mengine yote huyaacha yaende zake. Ndiyo maana mwili huweza kutoa dawa zilizobuniwa juzi maabarani, ambazo hakuna babu yetu hata mmoja aliyepata kuzimeza.

Na hizo taka ni kitu gani? Tukila nyama, maharage au samaki, mwili huvunja protini na kubaki na amonia, ambayo ni sumu kali kwa ubongo. Ini huigeuza amonia hiyo kuwa urea, dutu ya upole inayoweza kusafiri ndani ya damu hadi figoni bila kudhuru. Mwaka 1828 Friedrich Wöhler, mkemia wa Kijerumani, alimwandikia mwalimu wake Berzelius kwamba ameweza kutengeneza urea bila kuhitaji figo, ziwe za mtu au za mbwa. Leo dutu hiyo hutengenezwa kwa mamilioni ya tani. Kiwanda kimoja kikubwa kiko Oman karibu na Sur, bandari ile ile ambayo majahazi yake yalikuwa yakivuka kwa kaskazi kwenda Unguja na Lamu. Mkulima wa mahindi wa Mbeya huinunua kwa mfuko na kuiita kwa jina lake, urea, wala haoni haya kuishika kwa mkono. Kitu kimoja, chooni ni uchafu na shambani ni mbolea.

Potasiamu ni mfano mkali zaidi. Bila potasiamu moyo haupigi. Ikizidi kidogo damuni, moyo husimama. Imo kwa wingi katika ndizi, katika mchicha, na katika maji ya dafu. Mtu mwenye figo nzima hunywa madafu mawili, na kilichozidi hutoka kabla ya alasiri. Mtu asiye na figo aweza kuuawa na kile kile alichonyonya utotoni akinenepa. Mary Douglas, mwanaanthropolojia wa Kiingereza aliyefanya utafiti wake kwa Walele wa Kasai, Kongo, aliandika mwaka 1966 kitabu chenye hoja kwamba uchafu hauko ndani ya kitu, uko katika mahali kilipo: udongo shambani ni udongo, juu ya meza ya chakula ni uchafu. Alikuwa akizungumzia mila na ibada. Nimekuja kuona kwamba hata damu yasema hivyo hivyo.

Naomba msomaji asiniharakishe kutoa funzo hapa. Kutokana na namna figo inavyofanya kazi hatuwezi kuchota sheria ya namna watu wapasavyo kutendeana. Maumbile yana mengi ambayo hatutaki kuyaiga. Natoa picha tu, ili tunapofika kwenye ile kamati tujue kwamba kulikuwako namna nyingine ya kuchagua, na kwamba tulizaliwa nayo sote.

Katika tarehe za Kiarabu kuna kisa ambacho wengi wetu tulikisikia darsani. Ibn al-Sammak, mhubiri wa Kufa, aliingia kwa Khalifa Harun al-Rashid. Khalifa akataka maji ya kunywa, na bilauri ilipokuwa mkononi mwake, mhubiri akamwuliza: lau ungezuiliwa maji haya, ungeyanunua kwa kiasi gani? Khalifa akajibu, kwa nusu ya ufalme wangu. Alipokwisha kunywa akamwuliza tena: na lau yangekataa kutoka, ungelipa kiasi gani ili yatoke? Kwa nusu iliyobaki. Basi, akasema mhubiri, ufalme ambao thamani yake ni funda la maji na mkojo mmoja haustahili kushindaniwa. Mwalimu wetu alikitumia kisa hiki kutufundisha kuidharau dunia. Miaka mingi baadaye nimekisoma kwa jicho jingine. Mhubiri aliziuza zile haja mbili mbalimbali, kana kwamba mtu angeweza kununua moja akaacha nyingine. Mgonjwa wa figo huijua bei halisi: asiyeweza kuyatoa maji hana ruhusa ya kuyanywa. Mjomba alipimiwa maji yake kwa kikombe, kikombe na nusu asubuhi, kikombe na nusu jioni, mchuzi ukihesabiwa humo humo, katika joto la Tanga.

Dini zimelijua jambo hili kuliko falsafa. Mwislamu atokapo chooni huomba maghufira, na wanavyuoni wamejiuliza ana kosa gani la kuombea msamaha mahali hapo. Mojawapo ya majibu yao ni kwamba ameneemeshwa neema ambayo shukrani yake haitoshi. Mayahudi nao wana dua ya baada ya haja, wakimshukuru Mungu aliyeumba mwilini matundu na mianya, ambayo mmoja ukiziba au mwingine ukipasuka hakuna awezaye kusimama. Ukiwasoma wanafalsafa, utaona mwanadamu ametafsiriwa kuwa mnyama mwenye akili, mnyama wa siasa, kiumbe atumiaye lugha. Ni nadra sana kumkuta akitafsiriwa kuwa kiumbe ambaye asipokwenda msalani kwa siku kadhaa atakufa.

Mpaka miaka ya 1940 figo zikifa mtu hufa. Aliyeufungua mlango huo ni daktari kijana wa Kiholanzi, Willem Kolff, katika mji mdogo wa Kampen, mwaka 1943, nchi yake ikiwa chini ya jeshi la Ujerumani. Alizungusha mrija wa selofani, ule uliotumika kufungia soseji, kwenye pipa lililolala ndani ya beseni la maji ya chumvi. Damu ya mgonjwa ikapita ndani ya mrija, na taka zikavuja majini. Wagonjwa wake wa mwanzo, zaidi ya kumi na watano, walikufa karibu wote, na hakuna aliyeweza kusema kwamba mashine ndiyo iliyomponya hata mmoja wao. Wa kwanza ambaye bila shaka aliokolewa nayo aliletwa Septemba 1945, vita vimekwisha. Alikuwa mwanamke wa miaka 67, naye aliletwa kutoka kizuizini, kwa kuwa alikuwa ameshirikiana na Wanazi. Mjini walikuwako watu wengi waliotamani afe. Kolff, ambaye wakati wa vita alikuwa amewasaidia watu kujificha, alimwunganisha na mashine. Baada ya saa kadhaa mwanamke yule akafumbua macho, na inasimuliwa kwamba maneno yake ya kwanza yalikuwa kwamba sasa atamtaliki mumewe. Akaishi miaka kadhaa tena.

Nakipenda kisa hiki kwa sababu hakimpambi mtu. Lau mashine ile ingeanza kwa kumponya mtoto yatima, tungeisifu na kupita. Ilianza na mtu ambaye hakuna kamati ingempitisha.

Kamati zilikuja baadaye. Mashine ya Kolff ilifaa kwa siku chache tu, maana kila mara ilibidi mshipa mpya ukatwe, na mishipa ya mtu ina idadi yake. Mwaka 1960, katika mji wa Seattle, Daktari Belding Scribner alitengeneza mrija wa Teflon uliokaa mkononi daima, ukafungwa na kufunguliwa kama bomba. Mgonjwa wake wa kwanza, fundi mitambo Clyde Shields, aliishi miaka 11 zaidi. Ghafla ugonjwa uliokuwa hukumu ya kifo ukawa ugonjwa wa kuishi nao, na ghafla wagonjwa wakawa wengi kuliko mashine. Mwaka 1962 kituo cha Seattle kilikuwa na kamati ya watu saba wasiotajwa majina: wakili, kasisi, mwenye benki, mama wa nyumbani, afisa wa serikali, kiongozi wa chama cha wafanyakazi, na daktari mpasuaji mmoja. Madaktari kwanza waliwachuja wagonjwa kwa hali ya afya na umri. Waliobaki walipelekwa kwa wale saba. Wakatazama kama mgonjwa ameoa, ana watoto wangapi, ana mali kiasi gani, amesoma wapi, anafanya kazi gani, ametulia kiakili, amefanya nini huko nyuma na anatarajiwa kufanya nini mbele. Kwenda kanisani kulihesabiwa. Novemba mwaka huo mwandishi Shana Alexander aliyaeleza yote hayo katika jarida la Life, na nchi ikashtuka. Miaka sita baadaye daktari mmoja wa magonjwa ya akili na profesa mmoja wa sheria waliandika kwa kejeli kwamba pande zile si mahali pa mtu wa aina ya Thoreau kupatwa na ugonjwa wa figo. Walitaka kusema kwamba kamati ya watu wa heshima huwaokoa watu wanaofanana nayo.

Hata hivyo, tusiwacheke wale saba kwa urahisi. Walijitolea bila malipo, walilala vibaya, na mashine hazikutosha. Wanafalsafa walioliingilia jambo hili baada yao waligawanyika. Nicholas Rescher, mwaka 1969, alitetea kwamba manufaa kwa jamii na mchango wa mtu yana haki ya kuingizwa katika hesabu. James Childress, mwaka uliofuata, alijibu kwamba kila waliokidhi vigezo vya tiba wapigiwe kura ya bahati, kwa kuwa kura haimwambii anayekufa kwamba yeye ni mtu duni. Mimi niko upande wa Childress, na sababu ni ile ile: hasara ya kukosa ni moja, na fedheha ya kuambiwa hukustahili ni nyingine, na hii ya pili hakuna upungufu wa mashine unaotulazimisha kuisababisha. Uingereza, nchi ninayoishi, haikuwa na kamati. Kwa miaka mingi, hadi miaka ya 1980, wazee wengi hawakupelekwa kabisa kwa wataalamu wa figo. Waliambiwa kwa upole kwamba hakuna la kufanya. Sijui kama huo ni utu zaidi au ni woga tu.

Kamati ya Seattle haikushindwa kwa hoja. Novemba 1971 mgonjwa mmoja, Shep Glazer, aliunganishwa na mashine yake mbele ya wajumbe wa kamati ya Bunge la Marekani, damu ikizunguka mbele ya macho yao. Na Oktoba 1972 Rais Nixon alitia saini sheria iliyoifanya serikali ilipie karibu kila mgonjwa. Swali halikujibiwa. Liliondolewa mezani kwa fedha, na pale ambapo fedha hizo hazipo, bado limekaa pale pale.

Kwetu lilikuja katika kundi la WhatsApp. Mjomba, kaka wa pekee wa mama yangu, alikuwa na miaka 63. Kisukari na shinikizo la damu, ambavyo alivitibu kwa miaka mingi kwa kutovitaja, vilizimaliza figo zake. Muhimbili walianza kupandikiza figo mwaka 2017, lakini moyo wake haukuruhusu upasuaji. Ilibaki kusafishwa damu: vikao vitatu kwa wiki, kila kimoja saa nne, na kila kikao zaidi ya shilingi laki mbili. Ukizidisha, ni zaidi ya milioni 30 kwa mwaka, mbali na nauli, dawa na chakula. Hakuwa na bima. Ukoo ukaitana: dada yangu aliye Muscat, binamu wawili Minneapolis, mmoja Toronto, mama mdogo Dar es Salaam, na mimi. Nikafanywa katibu, kwa kuwa nafanya kazi ya hesabu na, nadhani, kwa kuwa nisingeweza kukataa. Mjomba kwa mpwa wake ni mama wa kiume. Yeye ndiye aliyenipeleka jandoni.

Tulichanga miezi saba. Kisha michango ikaanza kuchelewa, na pamoja na kuchelewa zikaanza kutoka habari za shamba. Miaka kumi na miwili kabla, Mjomba aliliuza shamba la minazi la bibi, nje kidogo ya Pangani, bila kumshauri mtu, na fedha zile hazikuonekana. Mama yangu alilia kwa hilo kuliko alivyolia msibani. Habari hiyo tuliijua sote tangu siku ya kwanza ya kuchanga, lakini hakuna aliyeiandika kundini. Sasa kila mmoja akaiandika. Dada akasema, kwa sauti yake ya upole inayotisha, "Huyu mzee alikula chetu akiwa mzima, na sasa anakula chetu akiwa mgonjwa." Binamu mmoja akauliza kama watoto wake mwenyewe wanachanga kiasi gani. Wawili hawakuwa wakichanga kitu. Wakati ule ule palikuwa na ada ya chuo ya binti wa marehemu kaka, na mama alikuwa akingojea kufanyiwa upasuaji wa jicho.

Ndipo niliposema nitaliweka jambo katika utaratibu. Nikachora jedwali. Safu ya kwanza jina la mwenye haja. Ya pili umri. Ya tatu wanaomtegemea. Ya nne gharama kwa mwezi. Ya tano matarajio. Safu ya sita niliipa kichwa cha "maelezo mengine", na mbele ya jina la Mjomba nikaandika neno moja: shamba. Nililituma saa saba za usiku. Asubuhi watu walinishukuru kwa uwazi. Tukapiga kura, na kwa wingi tukaamua kupunguza vikao kutoka vitatu hadi viwili kwa wiki, fedha zitakazobaki ziende kwenye ada na jicho. Mama yangu hakupiga kura. Aliandika tu, "Figo hazikuuza shamba," kisha akatoka kundini.

Wakati ule sikuwa nimesoma habari za Seattle. Nilipozisoma, mwaka mmoja baadaye, nilizitambua safu zangu moja moja.

Nimejaribu kujitetea, na baadhi ya utetezi wangu ni wa haki. Fedha kweli hazikutosha. Binti wa kaka kweli alihitaji kusoma, na kura ya bahati ya Childress haifai nyumbani: huwezi kurusha shilingi kati ya jicho la mama na damu ya mjomba. Wala sisemi kwamba kosa la shamba lifutwe kwa kuwa mkosaji ameugua. Deni ni deni. Liko baraza la ukoo, yuko kadhi, iko mahakama ya ardhi, na kwa miaka kumi na miwili hakuna kati yetu aliyekwenda hata mahali pamoja kati ya hapo. Tulilingoja shauri mpaka mshitakiwa alipokuwa hawezi kukojoa, ndipo tukalisikiliza, na hukumu tukaitoza mahali ambapo sheria yoyote, iwe ya dini au ya serikali, ingekataa kutoza. Mtu huweza kuweka rehani nyumba, hata nguo zake. Haja ndogo hairehaniwi.

Lakini hili la shamba silo linaloniamsha usiku. Linaloniamsha ni kwamba tulikuwa na sentensi mbili za kuchagua. Ya kwanza: hatuna uwezo wa kuendelea. Ya pili: hastahili tuendelee. Ya kwanza ilikuwa kweli, na ingetuaibisha sisi, watu wa ughaibuni, wenye magari na picha za theluji. Ya pili ilimwaibisha yeye. Tukaichukua ya pili, tukaipamba kwa jedwali, na upungufu wetu ukageuka kuwa hukumu juu yake. Nashuku kwamba kamati nyingi huanza hivi. Na kwa kuwa hata ile ya pili hatukuwa na ujasiri wa kumwambia usoni, tulimtungia ya tatu: tukamwambia kwamba hospitali ndiyo iliyopunguza vikao, mashine ni chache. Aliamini. Alinitumia ujumbe wa sauti akitushukuru kwa kumpigania, akituombea dua mmoja mmoja kwa jina, na dada yangu akamtaja wa kwanza.

Kwa vikao viwili, taka na maji hukaa mwilini siku tatu na hata nne bila kutoka. Uso wake ulivimba, pumzi zikawa fupi. Madaktari hawakupata kutuambia kwamba kikao kilichoondolewa ndicho kilichomwua. Moyo wake ulikuwa mbovu tangu mwanzo, na huenda siku zake zilikuwa zile zile. Sijifichi nyuma ya hilo, wala silitumii kujipiga.

Nilikwenda kumwona Agosti, wiki tano kabla hajafa. Nilimkuta barazani, amekaa kwenye kiti cha plastiki, mkononi ana kipande cha barafu amekifunga katika kitambaa, akikigusisha midomoni na kukiondoa. Alimwita kijana akamwambia anipandie mnazi wa jirani. Nikakataa, maana nilijua dafu limekatazwa nyumba ile. Akasema, "Mimi ndiye niliyekatazwa. Kunywa, mpwa wangu, nikuone." Nikanywa mbele yake, dafu zima, naye akinitazama kooni. Tukazungumza habari za zamani, za jandoni, za bibi. Shamba hakulitaja, nami sikulitaja, wala sikumwambia habari za vikao, ingawa nilikuwa nimepanda ndege kwa ajili hiyo.

Baada ya muda nikaomba ruhusa nikaenda msalani, uani, kibanda cha makuti chenye ukuta wa mabati upande mmoja. Niliporudi alikuwa ameinamisha kichwa kama mtu anayesikiliza jambo.

"Umepata haja?" akaniuliza.

Nikamwambia nimepata.

"Alhamdulillahi," akasema, akafumba macho, na akakirudisha kile kipande cha barafu midomoni.